Mnato, Uzito na Chokaa ya Kilwa: Uhakiki wa Istilahi za Mtiririko

Neno la taaluma likishapigwa muhuri huwa gumu kuondolewa, hata pale linapoonekana dhahiri kuwa halitoshi. Hilo ndilo lililolipata neno mnato. Katika shule na vyuo vya Tanzania neno hili hutumika kwa sifa ile ya kiowevu inayokifanya kipinge kutiririka: asali ina mnato mkubwa, maji yana mnato mdogo. Maelezo hayo yamemtosha mwanafunzi anayejibu mtihani wa fizikia. Hayamtoshi mwashi, wala mhandisi anayemsimamia mwashi huyo, wala mtu aliyepewa kazi ya kutengeneza ukuta wa kale uliojengwa kwa matumbawe na chokaa. Makala haya yanalipima neno hilo kwa kazi za mikono za pwani ya Kilwa na Lindi, nayo yanadai kwamba mahali ambapo istilahi imebakiza sifa moja, Kiswahili cha jikoni na cha uashi kilikwisha kuzitenga sifa kadhaa.

Asili ya istilahi

Kazi ya kuunda istilahi za Kiswahili ina historia ndefu. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1930. Shughuli zake zikaingia katika Chuo Kikuu, Dar es Salaam, mwaka 1964, katika chuo cha uchunguzi ambacho baadaye kiliitwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria mwaka 1967, na mwaka 1990 Taasisi ikatoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Kanuni iliyoongoza kazi hiyo ni njema: neno litafutwe kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lahaja zake na lugha za Kibantu zilizo jirani, na baada ya hapo ndipo mlango wa lugha za kigeni ugongwe.

Kwa kanuni hiyo, mnato ni neno lisilo na aibu. Shina lake ni kitenzi nata, umbo lake ni la Kibantu, na mzungumzaji wa kawaida halioni kuwa geni. Zaidi ya hayo, waliolichagua walikuwa na sababu ya kulikwepa neno ambalo watu wengi wangelitaja kwanza, yaani uzito. Katika mazungumzo, uji ni mzito au mwepesi, tui ni zito au jepesi, na rangi ya ukuta ikikauka ndani ya kopo husemwa imekuwa nzito. Lakini fizikia imekwisha kulitwaa neno uzito kwa kani inayokivuta kitu chini. Mafuta ya nazi ni mazito kuliko maji kwa maana ya kwanza, kwa kuwa humiminika polepole. Nayo ni mepesi kuliko maji kwa maana ya pili, kwa kuwa huelea juu yake. Mwalimu akiacha maana hizo mbili zikae katika neno moja, mwanafunzi atakuwa na haki ya kumwuliza kwa nini kilicho kizito kinaelea. Basi uzito ulikataliwa, na ulikataliwa kwa haki.

Kosa lilianza baada ya hapo. Ilidhaniwa kwamba pakishapatikana neno moja la kushika nafasi ya uzito, kazi imekwisha. Lakini kunata ni jambo la kitu kimoja kushika kingine: gundi hunata kwenye karatasi, ulimbo hunata kwenye mguu wa ndege, asali hunata kidoleni. Kupinga kutiririka ni jambo la kitu chenyewe, jinsi tabaka zake zinavyosuguana zinapopitana. Sifa hizo mbili zaweza kukaa pamoja, kama katika asali, na zaweza kuachana kabisa. Mafuta ya mashine ndiyo ushahidi ulio wazi. Fundi huyatia ili vyuma visishikane, na akichagua mafuta huangalia kiwango cha sifa hiyo iliyopewa jina la mnato. Mwanafunzi aliyefundishwa neno kabla ya kuona jambo huambiwa kwamba mafuta hutiwa kwa ajili ya mnato wake, ili vitu visinate. Maneno hayo ni kweli kwa mujibu wa istilahi, na kwa mujibu wa lugha ni kinaya.

Ushahidi wa jikoni

Mpishi na mwashi wana chombo chenye jina moja, nacho ni mwiko. Jambo hilo halikutukia kwa bahati tu. Wote wawili hushughulika na vitu ambavyo si maji wala si mawe, na wote wawili hujua kwa mkono kitu kinachofichwa na macho.

Angalia vitenzi vya jikoni. Uji hukorogwa, ugali husongwa. Unga ni ule ule na maji ni yale yale. Kilichobadilika ni kiasi. Lakini lugha haikuridhika kusema kwamba ugali ni uji uliozidi uzito. Imebadili kitenzi chenyewe, na kwa kubadili kitenzi imetangaza kwamba pana mpaka uliovukwa. Uji ukiachwa katika sahani hutandaa mpaka ukingoni. Ugali ukitiwa katika sahani hubaki lundo, na utabaki lundo hadi utakapomegwa. Tofauti hiyo haielezwi na kasi ya kutiririka. Ugali hautiririki polepole. Hautiririki kabisa, mpaka upewe nguvu ya kutosha.

Methali nayo imeshika tofauti hiyo hiyo. Watu husema kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na kwa kawaida methali hiyo hufasiriwa kuhusu majuto. Lakini ndani yake mna uchunguzi wa maumbile. Maji hayazoleki kwa sababu hayawezi kujisimamisha hata kidogo. Kani ndogo kabisa huyafanya yaende. Chokaa iliyochanganywa na mchanga ikimwagika huzoleka. Asali ikimwagika, pamoja na mnato wake wote, ikiachwa muda wa kutosha itatandaa kama maji. Hivyo asali iko upande wa maji, na chokaa iko upande wa ugali. Neno mnato huiweka asali na chokaa katika fungu moja, kinyume cha methali na kinyume cha maumbile.

Mlenda watoa ushahidi wa tatu. Ukichotwa huvutika kama uzi, na uzi huo ukikatika sehemu yake hurudi chunguni. Hapa kiowevu kinatenda kama mpira: kinakumbuka umbo lake la awali na kutaka kulirudia. Tena mlenda huteleza kooni na mkononi. Una upinzani, una utelezi, na una kuvutika, yote kwa wakati mmoja. Istilahi moja haiwezi kuyabeba.

Elimu ya mtiririko

Sayansi yenyewe ilichukua muda mrefu kufika hapo. Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, aliweka dhana kwamba upinzani ndani ya kiowevu hulingana na kasi ambayo sehemu zake huachana. Kwa dhana hiyo, kani ikiongezwa mara mbili kasi huongezeka mara mbili, na kani ikiwa ndogo sana mtiririko huwa mdogo sana, lakini haukosekani. Maji, mafuta mengi na asali iliyo nyingi hufuata sheria hiyo. Kwa vitu hivyo nambari moja yatosha, na mnato ni jina la nambari hiyo.

Mkemia wa Marekani, Eugene Bingham, alionyesha katika mwanzo wa karne ya 20 kwamba rangi, udongo laini na vitu vya namna hiyo havifuati sheria ya Newton. Kwanza husimama. Kani ikizidi kiwango fulani ndipo huanza kwenda, na baada ya kiwango hicho kasi huongezeka kadiri kani inavyozidi. Kwa vitu hivyo nambari moja haitoshi. Zahitajika mbili kwa uchache, moja ya kiwango cha kuanzia na moja ya upinzani baada ya kuanza. Elimu ya mambo hayo ilipewa jina la reolojia, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kutiririka, na chama cha wataalamu wake kiliundwa Marekani mwaka 1929.

Viowevu vya fungu hili vyaweza kuitwa viowevu changamano, na wanaisimu hawatalishangaa jina hilo. Sentensi changamano ni sentensi iliyobeba kishazi ndani yake. Kiowevu changamano nacho kimebeba kitu kingine ndani yake: chembe za chokaa katika maji, matone ya mafuta katika tui, nyuzi ndefu katika mlenda. Tabia yake haitokani na maji peke yake wala na chembe peke yake. Hutokana na jinsi chembe zinavyogusana. Kikitulia, chembe hushikana na kufanya kitu mfano wa wavu. Kani ndogo haiwezi kuukata wavu huo, kwa hiyo kitu husimama. Kani kubwa huukata, nacho hutiririka. Kikiachwa tena, wavu husukwa upya.

Ukuta wa matumbawe

Mahali panapofaa kuyapima maneno haya ni Kilwa Kisiwani. Huko upo Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kale yahesabiwa kuwa ya karne ya 11, na ambao baadaye uliongezwa ukumbi mkubwa wenye makuba na dari za tao. Ipo Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, lenye birika la pembe nane. Na Sultani huyo ndiye aliyetawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Lipo jumba la Makutani, ambalo jina lake lenyewe ni kuta. Magofu hayo pamoja na yale ya Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yalitiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na baada ya kazi ya miaka mingi yakaondolewa humo mwaka 2014.

Wataalamu wameyatazama majengo hayo kwa bidii. Neville Chittick alichimba na kuandika historia ya mji, na kitabu chake juu ya Kilwa kilitoka mwaka 1974. Peter Garlake alitoa mwaka 1966 kitabu juu ya usanifu wa kale wa Kiislamu wa pwani. Vitabu hivyo vyaeleza majengo yalivyo na yalivyojengwa. Lililobaki kwa wanaisimu ni kuuliza ni maneno gani yanayofaa kwa hali ya ukuta kabla haujawa ukuta, kwa sababu kila kuba la Kilwa lilikuwa kwanza rojo katika karai.

Kazi yenyewe huanzia tanuuni. Mawe ya matumbawe huchomwa kwa moto mkali, takriban nyuzi 900 za Selsiasi, hata hewa ya ukaa iliyomo itoke. Kwa hesabu ya kemia, kila kilo 100 za jiwe safi hubakiza kilo 56. Kinachobaki humwagiwa maji, kikachemka na kuvimba na kuwa chokaa laini; zile kilo 56 huwa kilo 74. Chokaa hiyo huchanganywa na mchanga, hujengewa, na kwa muda wa miezi na miaka huivuta tena hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe. Kwa hiyo ukuta wa Kilwa ni jiwe lililofanywa rojo ili likubali umbo, kisha likarudishwa kuwa jiwe. Hatima ya jengo zima hukatwa katika saa zile chache ambazo chokaa yaweza kutiririka.

Sasa na itazamwe kazi ya kukandika chokaa juu ya ukuta ulio wima. Yapo makosa matatu yanayoweza kutokea, na kila moja lina kisa chake. Kosa la kwanza ni chokaa kushuka: imeshika ukutani vizuri, lakini ndani yake yenyewe haikuweza kusimama, hivyo huteremka kama uji. Kosa la pili ni chokaa kubanduka: ndani yake ni imara, lakini haikushikana na jiwe, hivyo huanguka nzima kama mkate. Kosa la tatu ni chokaa kukataa kutandazwa: inasimama, inashika, lakini mwiko hauisukumi ila kwa taabu, nayo huacha mianya nyuma ya mawe.

Mhandisi mwenye neno moja ataandika katika daftari lake kwamba mnato haufai. Ataandika hivyo mara zote tatu, na mara zote tatu fundi hatajua la kufanya. Dawa ya kosa la kwanza ni kupunguza maji, au kupaka tabaka nyembamba. Dawa ya kosa la pili ni kuulowesha ukuta kabla ya kazi, kwa kuwa tumbawe kavu lina vitundu vingi na hunyonya maji ya chokaa kabla haijashika. Dawa ya kosa la tatu ni kuikanda tena kwa nguvu, maana chokaa iliyotulia hukaza, na ikikandwa hulegea hata kama hakuna tone la maji lililoongezwa. Fundi asiyeambiwa tofauti hizo atafanya lililo jepesi, atatia maji. Na maji yaliyozidi yakikauka huacha nyufa na matundu.

Hesabu ndogo yaonyesha kwamba hili si suala la maneno matupu. Tabaka ya chokaa yenye unene wa sentimita 2, ikiwa kila mita ya ujazo ina kilo 1,800, huuvuta uso wa ukuta kwa kani ya takriban paskali 350. Chokaa ambayo kiwango chake cha kusimama ni chini ya hapo itashuka, hata kama mwendo wake ni wa polepole kama wa asali. Ikipakwa kwa unene wa sentimita 1, hitaji hupungua nusu. Ndiyo maana ukuta hupakwa tabaka juu ya tabaka, na ndiyo maana katika uashi wa pwani kuna kazi ya kutomea, yaani kushindilia vijiwe vidogo katika chokaa ya tabaka ya kwanza. Vijiwe huijaza mianya mikubwa, na chokaa inayobaki kati yake huwa nyembamba na yenye kuweza kujisimamia.

Sakafu nayo ni shahidi. Siku hizi neno hilo latajwa kwa sehemu yoyote ya kukanyagia ndani ya nyumba, lakini maana yake ya kale ni tabaka ya chokaa na kokoto iliyoshindiliwa, iwe chini au juu ya dari ya boriti. Kusakifu kulikuwa kupiga kwa magogo mepesi, kwa muda mrefu na kwa mpigo wa pamoja. Kupiga huko kulifanya kazi mbili: kuliukata wavu wa chembe, rojo likalegea na kuingia kila pembe, kisha kulizisogeza chembe karibu zaidi, maji na hewa vikapanda juu. Mashine ya kutetemesha zege inayotumiwa katika ujenzi wa leo hufanya kazi hiyo hiyo kwa sababu hiyo hiyo. Mhandisi anayeijua mashine na asiyejua kitenzi sakifu amepata nusu ya urithi wake.

Zege na chokaa

Mafundi wa Tanzania husema kwamba zege halilali, na msemo huo umetoka kazini ukaingia katika mazungumzo ya kila siku kwa maana ya jambo lisilokubali kuahirishwa. Kwa zege la saruji msemo ni kweli tupu: saruji hukaza kwa kuungana na maji, na haingoji mtu. Chokaa ya Kilwa ni kinyume. Ikiwekwa ndani ya maji, mbali na hewa, hulala, na kwa kulala huzidi kuwa laini na kufaa kwa kazi, kwa kuwa ugumu wake hutegemea hewa ambayo bado haijaifikia. Mtu aliyezoea zege akikabidhiwa ukuta wa kale huja na mazoea ya haraka. Naye akitumia saruji kuziba ufa wa chokaa, huweka kitu kigumu kisichopitisha unyevu katikati ya kitu laini kinachopumua. Unyevu na chumvi hukwama nyuma yake, na tumbawe huanza kumomonyoka pembeni.

Inafaa kukumbukwa kwamba neno saruji lenyewe ni la zamani kuliko kiwanda. Asili yake ni ya Kiajemi, na katika Oman jina hilo hadi leo ni la mchanganyiko wa kale wa chokaa na udongo uliochomwa, uliojengewa ngome na mifereji ya maji. Neno limehamia katika mfuko wa kiwandani, na kitu cha kale kimeachwa bila jina. Hilo ni onyo: istilahi ikihamishwa bila uangalifu, hufuta elimu iliyokuwa nyuma yake.

Tope la Songo Songo

Huenda ikasemwa kwamba mambo haya ni ya magofu, na kwamba uhandisi wa leo una vipimo vyake. Jibu liko katika wilaya ile ile ya Kilwa, katika kisiwa cha Songo Songo. Gesi asilia iligunduliwa huko mwaka 1974, na mwaka 2004 ikaanza kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Kisima cha gesi hakichorongwi kwa chuma peke yake. Huhitaji tope maalumu linalosukumwa kwa pampu kupitia ndani ya mabomba mpaka kwenye ncha ya keekee, likapanda tena kwa nje likiwa limebeba vipande vya mwamba.

Tope hilo hudaiwa mambo ambayo yaonekana kupingana. Pampu ikifanya kazi, litiririke kwa wepesi. Pampu ikisimamishwa ili bomba jingine liungwe, likaze mara moja na kuvishikilia vipande vya mwamba mahali vilipo. Visiposhikiliwa vitazama na kulibana bomba chini. Pampu ikiwashwa tena, lilegee. Kadhalika liwe na uzito wa kweli, kwa maana ya fizikia, ili likandamize gesi iliyo chini isilipuke kuja juu. Kwa uzito huo hutiwa madini ya baraiti. Kwa kukaza hutiwa udongo wa bentonaiti.

Hapa kasoro ya maneno yaweza kuwa hatari. Agizo la kwamba tope liongezwe uzito lina maana mbili katika Kiswahili cha kawaida, na kila maana ina mfuko wake wa dawa. Atakayechukua mfuko usiostahili atapata tope lililokaza na lisiloweza kuizuia gesi, au tope linaloizuia gesi na kuviacha vipande vizame. Lugha ya kisima ikibaki ya kigeni, mfanyakazi aliyezaliwa Kilwa ataendelea kutii maagizo asiyoweza kuyahoji. Ikiwa ya Kiswahili kisichotenga sifa hizi, atayahoji na kujibiwa visivyo.

Hata kipimo kinachotumiwa kila siku kwa zege chaonyesha upungufu huo. Zege hutiwa katika kopo lenye umbo la pia iliyokatwa kichwa, kimo chake sentimita 30, upana wake sentimita 20 chini na 10 juu. Kopo huinuliwa, na mshuko wa lundo hupimwa. Lundo husimama pale uzito wake unaposhindwa kuvuka kiwango cha kuanzia mtiririko. Kwa hiyo mshuko hupima kusimama kwa zege zaidi kuliko mnato wake, na mazege mawili yenye mshuko ulio sawa yaweza kutofautiana sana yakisukumwa kwa pampu. Mwalimu anayefundisha kwamba mshuko ni kipimo cha mnato hafundishi uongo wa makusudi. Amekosa neno la pili.

Hukumu

Mnato haustahili kufutwa. Umekwisha kuingia katika vitabu na vichwa vya watu, na kuung'oa kungeleta fujo kubwa kuliko faida. Unastahili kuwekewa mipaka: uwe jina la upinzani wa kiowevu kinachokwisha kutiririka, basi. Kando yake yahitajika maneno mengine matatu kwa uchache. Kiwango cha kani ambacho chini yake kitu husimama chaweza kuitwa kizingiti cha mtiririko. Kila mwenye nyumba ajua kwamba maji ya mvua hukaa nje mpaka yavuke kizingiti. Kulegea kwa kukandwa na kukaza kwa kutulia kwaweza kuitwa mlegeo na mkazo wa utulivu. Kushikana kwa chokaa na jiwe, ambako ndiko kunata kwa asili, kwaweza kupewa jina la mshiko, maana mwashi husema chokaa imeshika.

Pingamizi moja lastahili heshima. Yaweza kusemwa kwamba maneno ya jikoni na ya kiamboni ni legevu, hayana nambari, na kwamba sayansi haijengwi juu ya mlenda. Ni kweli kwamba hayana nambari. Lakini nambari huja baada ya tofauti kuonekana. Hapana awezaye kupima vitu viwili ambavyo lugha yake inaviita kimoja. Bingham mwenyewe alianza na rangi na udongo, vitu vya mafundi. Mpishi aliyeacha kukoroga akaanza kusonga amekwisha kuvuka kizingiti. Kilichobaki kwa mtaalamu ni kumletea mizani.

Kwa sababu hiyo orodha iliyotajwa hapa haifai kupokelewa kama ilivyo. Kimgao na lahaja jirani za pwani ya kusini yumkini zina maneno bora kuliko hayo, na waashi wanaoitengeneza chokaa kwa ajili ya magofu ndio wenye haki ya kuulizwa kwanza. Kabla ya karatasi ya istilahi kupelekwa barazani, na ipelekwe Kilwa Masoko, isomwe kiamboni, kila neno likiambatana na lundo la chokaa na mwiko. Neno litakaloeleweka mara mkono unapogusa chokaa liandikwe. Litakalohitaji kufafanuliwa mara tatu lirudi mezani.